Kamera haikujenga duka la mvinyo la New Jersey

Semina nyingi za masoko ya mtandaoni zinazogusa biashara ya vinywaji huishia New Jersey, Marekani. Msemaji atasimulia kisa cha Gary Vaynerchuk, aliyezaliwa Belarus mwaka 1975 enzi za Muungano wa Kisovieti, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa bado mdogo, akakulia ndani ya duka la vileo la baba yake mjini Springfield. Halafu, msemaji ataendelea, kijana akawasha kamera, akaonja mvinyo mbele ya watu, na mauzo yakapaa kutoka dola milioni 3 kwa mwaka hadi milioni 60. Makofi. Wiki inayofuata nusu ya waliohudhuria wameshanunua taa ya duara na kistendi cha simu.

Kila kipande cha kisa hicho ni cha kweli. Kilichoharibika ni mpangilio wake, na mpangilio ukiharibika, anayeiga ataiga kitu kisichohusika.

Tuangalie tarehe. Vaynerchuk alimaliza chuo mwaka 1998 na kushika uendeshaji wa kila siku wa duka la baba yake, ambalo likaja kuitwa Wine Library. Kipindi chake cha video, Wine Library TV, kilianza tarehe 21 Februari 2006. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka minane, na kwa maelezo yake mwenyewe ndani ya miaka hiyo ndipo sehemu kubwa ya kupanda kwa mauzo ilipotokea. Kwa hiyo kamera ilipowashwa, duka lilikuwa tayari ni duka kubwa, lenye shehena ya kutosha, lenye tovuti inayouza na wateja wanaolijua. Mtu akikuambia video ndiyo iliyojenga duka lile, muulize ilijengaje kabla haijakuwepo.

Kilicholijenga ni mambo matatu yasiyopendeza kuyasimulia jukwaani. La kwanza ni bei. Duka lilikuwa na asili ya kuuza kwa punguzo, na bei iliandikwa wazi, kila chupa na bei yake. La pili ni orodha ya barua pepe. Alianza kukusanya anwani za wateja wakati wauzaji wenzake bado wanachapisha vipeperushi, na enzi hizo mtu aliyepata barua pepe aliifungua, kwa sababu hakuwa na nyingine mia za kuchagua. La tatu ni matangazo ya Google. Huduma ya AdWords ilianza mwaka 2000, na Vaynerchuk anasimulia jinsi alivyowahi kununua maneno ya mvinyo kwa senti chache kwa kila mbofyo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeyataka. Bei, daftari la wateja, na kuwahi mahali pasipo na foleni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sura nzuri wala ucheshi.

Hapo ndipo video inapoingia, na inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ilifanya kazi yake, ingawa kazi hiyo haikuwa ile inayotajwa.

Kwa macho ya leo kipindi kile kilikuwa cha kizamani. Meza moja, kamera moja isiyosogea, chupa tatu au nne, bilauri, na ndoo ya kutemea yenye nembo ya New York Jets, timu anayoshabikia. Dakika kama 20, mara nyingi bila kukatwa. Anamimina, anazungusha, anaingiza pua ndani ya bilauri kwa kelele, anaonja, anatema, anaanza kuzungumza kwa kasi ya muuza mitumba. Alipoutaja mvinyo hakusema kile kilichozoeleka kwenye majarida. Alitaja peremende za utotoni, bazoka, nyama ya hamburger, soksi ya mchezaji. Mwaka 2007 alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Conan O'Brien na kumlisha mwenyeji wake majani na udongo ili ajue ladha hizo zinazotajwa kwenye mvinyo zinatoka wapi. Watu walicheka, lakini somo liliingia: mvinyo una ladha ya vitu unavyovijua, na huhitaji ruhusa ya mtu kuvitaja.

Kubwa zaidi ni kwamba alikuwa anasema mvinyo mbaya ni mbaya, hata chupa iliyokuwa kwenye rafu yake mwenyewe, yenye kibandiko cha bei cha baba yake. Anaonja, anakunja uso, anautema, anatoa alama ndogo, anasema usinunue. Hapo ndipo imani ya watazamaji ilipozaliwa. Mtu aliyekuambia Jumatatu usinunue chupa ya dola 40, Jumatano akikuambia nunua hii ya dola 12, utainunua bila kuuliza. Tangazo haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu tangazo halijawahi kusema usinunue.

Hapa kuna jambo ambalo waigaji hulipita bila kuliona. Vaynerchuk aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa mwenye duka. Hakuwa mtengenezaji. Mwenye duka la chupa maelfu akiikataa moja, anabaki na nyingine zote za kuuza. Mwenye kiwanda cha lebo tano akiikataa moja, amejikata kidole. Kwa hiyo kiwanda kinachojaribu kuiga kipindi kile kitaishia kutoa video ambamo kila mvinyo wa nyumbani ni mzuri kupindukia, na mtazamaji wa tatu atakuwa ameshaelewa kwamba anatazama tangazo refu. Nimeona video nyingi za namna hiyo, za Afrika Kusini, Italia na kwetu. Picha ni safi, mwanga wa jioni unapita kwenye bilauri, na baada ya dakika mbili hujajua kama kinywaji kile ni kikavu au kitamu.

Kazi ya kipindi haikuishia kamera ilipozimwa. Vaynerchuk amesimulia mara nyingi kwamba baada ya kurekodi alikaa saa nyingi akijibu waliomwandikia, mmoja mmoja. Twitter ilipokuja, alikuwa akitafuta waliotaja mvinyo kwenye maandishi yao na kuwajibu maswali yao, bila kumtajia mtu duka. Anaulizwa mvinyo gani unafaa kwa samaki, anajibu, basi. Pia ana mfano anaopenda kuutoa kuhusu ofa moja ya kusafirishiwa mzigo bure iliyotangazwa kwa njia tatu tofauti: vipeperushi vya posta vilivyogharimu dola 15,000 vikaleta wateja wapya kama 200, bango la barabarani la dola 7,500 likaleta 300, na Twitter, bila gharama, ikaleta 1,800. Hesabu hizo ni zake mwenyewe, na mwenye biashara akijisimulia tunasikiliza kwa sikio moja. Hata hivyo neno "bila gharama" ndilo la kutilia shaka kuliko tarakimu zote. Zile saa nyingi za kujibu wageni zilikuwa ni mshahara wa mtu. Hazikuandikwa tu kwenye vitabu vya hesabu.

Na kulikuwa na sheria. Tangu marufuku ya pombe ilipofutwa Marekani mwaka 1933, biashara ya vileo huko inapita ngazi tatu, mtengenezaji, msambazaji, muuzaji wa rejareja, na kila jimbo lina kanuni zake. Mei 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Granholm dhidi ya Heald, iliamua kwamba jimbo linaloruhusu viwanda vyake vya mvinyo kuwatumia wateja chupa moja kwa moja haliwezi kuvizuia viwanda vya majimbo mengine. Uamuzi ulihusu viwanda. Maduka yalibaki na ramani yenye viraka, huku unatuma, kule hutumi. Video inavuka mipaka yote kwa sekunde, chupa haivuki. Kwa hiyo mtazamaji wa jimbo lililokataza alikuwa shabiki tu kwa duka lile, na huenda alinunua ule mvinyo uliosifiwa katika duka la mtaa wake.

Ndiyo maana naona mvunaji mkubwa wa video zile hakuwa Wine Library. Alikuwa Vaynerchuk mwenyewe. Mwaka 2009, yeye na mdogo wake wakafungua VaynerMedia, kampuni ya kuwasaidia wenye chapa kubwa kuuza kwenye mitandao. Machi 2011 kipindi kilifika toleo la 1,000 na akakifunga, akajaribu kingine kifupi, nacho akakiacha Agosti mwaka huohuo. Duka bado lipo na linauza. Lakini wale mashabiki walimfuata mtu, na mtu alipohamia kwenye mazungumzo ya biashara na hamasa, wakahama naye. Hilo linawahusu sana wafanyabiashara wetu wanaomlipa staa wa Bongo Fleva ashike chupa mbele ya simu. Staa ataondoka na wafuasi wake. Ulichonunua ni mkopo wa macho ya watu, na mkopo una tarehe ya kurudishwa.

Sasa twende Dodoma, maana Kiswahili kina mkoa wake wa mvinyo na haitakuwa haki kuzungumzia Springfield tu.

Mizabibu iliingia pale kupitia wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana katikati ya karne iliyopita. Ardhi ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja na kidogo, na mzabibu unavumilia. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza, mkulima anaukata na kuuamsha mwenyewe, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Kuna aina yetu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la kituo cha utafiti, kuna Chenin Blanc na Syrah. Kuna viwanda kama CETAWICO kule Hombolo na Alko Vintages mjini, na kuna dompo, mvinyo mtamu ambao kwa Watanzania wengi ndio ulikuwa mvinyo wa kwanza maishani. Na kuna kilio kisichoisha: zabibu zimeiva, matangi ya kiwanda yamejaa mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, mkulima anazungushwa, zinauzwa kwa bei ya kutupa au zinaoza. Zabibu haisubiri. Mkulima wa mahindi anaweza kufunga ghala akaangalia soko, wa zabibu ana siku chache.

Kilio hicho mara nyingi hujibiwa siku hizi kwa neno moja: mitandao. Vijana watengeneze video, tuitangaze Dodoma, dunia itakuja. Mimi naipenda nia, lakini jibu limerukia ngazi ya mwisho. Tangi lililojaa linahitaji chupa zinazotoka. Chupa hazitoki kwa sababu watu hawajui kama Dodoma kuna mvinyo, wanajua. Hazitoki kwa sababu mnywaji wa Dar es Salaam au Mwanza akisimama mbele ya rafu, chupa ya Afrika Kusini anaijua ladha yake, ya Dodoma anaibahatisha.

Fungua ukurasa wowote wa Instagram unaouza mvinyo jijini Dar es Salaam. Picha ni nzuri. Chupa imelala juu ya kitambaa, pembeni kuna zabibu, labda mshumaa. Chini mtu ameuliza, "Bei gani?" Jibu: "Njoo DM mpenzi." Wa pili ameuliza hivyohivyo, amejibiwa hivyohivyo. Wa kumi pia. Kwa mtu aliyekua na maduka ya Kariakoo, kuficha bei kuna maana yake: bei inategemea aliyeuliza, na mazungumzo ni sehemu ya biashara. Ila mnunuzi wa mvinyo asiyeujua mvinyo tayari ana aibu ya kuuliza. Haelewi lebo, hajui kutamka jina, anaogopa kuonekana mshamba. Ukimtaka aje kuomba bei faragha umemuongezea aibu ya pili, naye ataenda supamaketi ambako bei imebandikwa na hakuna anayemtazama. Kabla ya video hata moja, andika bei. Andika kama ni mtamu au mkavu. Andika unapeleka mpaka wapi na kwa shilingi ngapi. Springfield walianzia hapo miaka minane kabla ya kamera.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa kuhesabu like hawalioni, nalo ni ukimya wa watazamaji wetu. Mmarekani akipenda video ya mvinyo ataisambaza. Kwetu aliyeipenda anaiangalia mpaka mwisho na kuondoka bila kugusa kitu. Simu yake ina kikundi cha familia, kikundi cha jumuiya ndogondogo, kikundi cha kazini. Mjomba yupo kwenye Facebook. Mama mchungaji anafuatilia Instagram. Dada wa benki anayekunywa bilauri yake moja ya Ijumaa hana haja ya dunia kujua, na jirani zake Waislamu wana haki ya kutoletewa chupa kwenye skrini kila wanapofungua simu. Kwa hiyo ukurasa unaweza kuonekana umekufa, like 40, maoni matatu, mawili ya watu wanaouza dawa za nguvu za kiume, na kumbe video imetazamwa na maelfu na oda zinaingia kwa simu. Na unaweza kuonekana unawaka, like elfu kumi za picha ya staa, na chupa hakuna aliyeagiza.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba mahali pa kweli pa kukuza biashara ya mvinyo kwa lugha yetu ni WhatsApp, tena si kwenye kundi ambamo kila mtu anaona namba ya mwenzake. Ni orodha ya matangazo ambayo kila anayepokea anapokea peke yake. Hiyo ndiyo barua pepe ya Springfield ya mwaka 1998: inafunguliwa, ni ya faragha, na ni mali ya muuzaji. Instagram ikibadili taratibu zake kesho, orodha inabaki kwenye simu yako. Video fupi ya dakika moja ikitumwa humo Alhamisi jioni, na bei yake, na namba ya kulipia, inauza kuliko filamu ya shamba iliyorushwa na droni. Masharti makubwa ni mawili: mtu awe ameomba kuingizwa, na usimtumie kila siku. Anayetumiwa kila siku huzima sauti, na akishazima hufunguliwi tena.

Ndani ya dakika hiyo moja useme nini? Hapa pana utajiri ambao haujaguswa. Kwanza ladha kwa maneno yetu. Mvinyo mwekundu wenye harufu ya zambarau, au ukwaju, au ubuyu uliokolea, Mtanzania anaunusa kabla chupa haijafunguliwa. Akiambiwa blackcurrant, tunda dogo jeusi la Ulaya, na mwerezi, ananyamaza kwa adabu. Halafu chakula kilichopo mezani. Chenin Blanc iliyopozwa na samaki wa bwawa la Mtera aliyekaangwa, ndimu pembeni, hiyo ni video. Dompo na korosho, je? Ionjwe mbele yetu, na ikishindikana tuone imeshindikana.

Halafu joto. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unyweke kwenye joto la chumba, na kila mtu anarudia. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya mawe na baridi. Chumba cha Sinza, Dar es Salaam, mwezi wa Februari kina nyuzi 30 na zaidi, na mvinyo mwekundu kwenye joto hilo unanuka pombe tupu na kuchoma koo. Nusu ya watu wanaosema hawapendi mvinyo mwekundu wameunywa hivyo. Mtu akionyesha chupa mbili za mvinyo uleule, moja imetoka kwenye rafu, nyingine imekaa dakika 20 kwenye friji, akamwonjesha rafiki yake aliyefumba macho, atakuwa amefanya zaidi kuliko kampeni nzima ya mabango. Na wakati yuko hapo azungumzie chupa zinazosimamishwa dirishani pa grosari, juani, mwezi mzima. Mvinyo ule umeshapikwa. Kiwanda hakina kosa na lawama inakiangukia.

Kuna na suala la bidhaa bandia, ambalo kwa kinywaji si mzaha. Tangu mwaka 2019 chupa za vileo Tanzania zinabandikwa stempu za kielektroniki za TRA, mamlaka ya mapato, na ipo programu ya simu, Hakiki Stempu, ya kuzisoma. Sijaona muuzaji anayeanza video yake kwa kuielekeza simu kwenye stempu na kumwacha mtazamaji aone majibu yakitokea. Ni sekunde tano. Kwa mtu anayemlipa muuzaji asiyemjua kwa M-Pesa halafu anasubiri bodaboda, sekunde hizo zina uzito kuliko wafuasi laki moja.

Viwanda navyo vina cha kuonyesha, ila kisiwe kuonja. Waonyeshe kile ambacho muuzaji hana: alfajiri ya mavuno, kreti zikipimwa, mchuzi ukitiririka kwenda kwenye tangi, tarehe ya tangi hilo kufunguliwa. Mnywaji akiujua msimu, atauliza mvinyo wa mavuno ya Machi umetoka lini, na mteja anayeuliza hivyo anaweza kulipa zaidi ya anayeuliza "dompo ipo?" Zaidi ya hapo kuna treni ya SGR, iliyozinduliwa Agosti 2024, inayomtoa mtu Dar es Salaam asubuhi na kumfikisha Dodoma kabla ya chakula cha mchana. Shamba la Hombolo limekuwa safari ya Jumamosi. Kinachokosekana ni wa kukueleza ukishuka stesheni upande gari gani, ulipe kiasi gani, umpigie nani, na kama siku hiyo kuna mtu wa kukufungulia geti. Video ya namna hiyo haina urembo wowote na ingejaza viti.

Sheria hazipo mbali. Tanzania ina kanuni zake za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na anayetaka kuendesha kipindi cha kudumu azisome kabla ya kuandikiwa barua. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 ya udhibiti wa vileo, na sera mpya ya taifa ya mwaka 2025 imependekeza kuzuia kabisa uuzaji wa pombe mtandaoni, na pia kupiga marufuku kuwatumia watu mashuhuri kuitangaza. Hata Ufaransa, ambako mvinyo ni kama dini ya pili, sheria ya Evin ya mwaka 1991 iliyabana matangazo ya pombe kiasi kwamba mtandao uliruhusiwa rasmi mwaka 2009 tu, tena kwa masharti. Mwelekeo wa serikali nyingi ni kukaza, na sababu zao si za kipuuzi. Mtoto wa miaka 14 ana simu. Bodaboda anayepeleka chupa haulizi kitambulisho, anauliza "nimefika, nipo getini". Muuzaji atakayekuwa ameweka utaratibu wa kuuliza umri, na kumrudisha dereva na chupa pale anapokutana na mtoto mlangoni, atakuwa na la kusema siku wabunge watakapolijadili jambo hili. Wengine watafungwa pamoja na ukurasa wao.

Nikirudi kwa nani ashike kamera Dodoma, mapendekezo ninayosikia ni mawili, staa au kiwanda, na yote mawili nayakataa kwa sababu nilizoeleza. Mtu anayefaa yupo na hajafikiriwa: mwenye grosari au duka la vileo la Area C ya Dodoma, au Sinza, au Kaloleni ya Arusha, mwenye chupa za viwanda vyote kwenye rafu moja, anayejua ni ipi inarudishwa na wateja na ni ipi inaisha Jumamosi kabla ya saa mbili usiku. Huyo hafungwi na lebo yoyote. Anaweza kufungua chupa nne za Dodoma na moja ya Afrika Kusini ya bei hiyohiyo, akamimina, akasema hizi mbili nzuri, hii ya kawaida, hii rudisheni kiwandani. Atapigiwa simu ya hasira siku ya pili, labda na msambazaji atakayetishia kumnyima mzigo. Hapo ndipo viwanda vya Dodoma vitakapojulikana msimamo wao, maana kiwanda kinachojiamini kitamtumia chupa nyingine ya mavuno mapya na kumwambia aionje tena, hadharani.